Umeanza kuhesabu wapi? Pijo ya baba na programu yangu

Najua, nimepotea. Niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata na hadi leo mnaisubiri. Itakuja. Leo naomba ruhusa niandike juu ya gari. Aliyekuja hapa kutafuta msimbo asiondoke: msimbo umo humu, tena wenye kosa la kutia aibu, na kosa lenyewe ni langu.

Haya, tuanze.

Siku kumi kabla ya Idd, kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Garissa. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amepita nyumbani, akaiona Pijo ya marehemu baba chini ya mwarobaini, akasema ataichukua kwa kilo. Kwa kilo, jamani! Kama vitunguu. Kaka alikuwa ameshakubali nusu. Ua wetu ni mdogo, alisema, watoto wanacheza karibu na mabati yenye kutu, na juzi juzi wameua nyoka chini ya kiti cha nyuma.

"Wewe ndiwe mtaalamu wa mitambo," akaniambia. "Njoo uiwashe. Ikiwaka, tutazungumza. Isipowaka, Idd ikiisha inaondoka."

Mimi, mtaalamu wa mitambo! Nina shahada ya sayansi ya kompyuta. Lakini mnajua ilivyo: kwa watu wa nyumbani, anayejua tarakilishi anajua pia redio, jokofu na simu ya jirani. Nikasema nitakuja.

GARI LENYEWE

Wengi wenu mmekulia enzi ya Probox, kwa hiyo nieleze kidogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya ilikuwa ikijijenga upya, na watu wa mishahara ya kawaida wakaanza kununua gari lao la kwanza maishani. Kila nchi ikawa na gari lake la familia. Wajerumani walikuwa na Volkswagen yenye mgongo wa kobe, Waswidi na Volvo, Waingereza na Austin na Morris, Wafaransa na Renault, Citroën na Peugeot. Peugeot walitoa 403 mwaka 1955, 404 mwaka 1960, kisha 504 mwaka 1968. Hiyo 504 ikachaguliwa kuwa gari bora la mwaka 1969 barani Ulaya.

Huku kwetu mtihani wake haukufanywa na majarida. Ulifanywa na mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, kwenye matope na vumbi ambalo hata leo linawashinda madereva. Volkswagen ilishinda mwaka 1962. Joginder Singh, Mkenya mwenzetu, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Lakini Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93 yakafika 7 tena. Mara zote mbili, la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Baada ya hapo, nani angehitaji tangazo gazetini?

Ya baba ilikuwa 504 ndefu ya safu tatu za viti. Wafaransa waliiita Familiale, yaani ya familia. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.90, wakati ile fupi ilikuwa na mita 2.74, na nyuma ilikuwa na ekseli moja nzima iliyokaa juu ya springi nne. Nadhani mhandisi wa Sochaux aliwaza siku ya likizo: baba, mama, watoto, mizigo ya kwenda baharini. Sisi tukaijaza abiria tisa, magunia juu ya paa, wakati mwingine na mbuzi, tukaipeleka Nairobi.

Baba aliendesha matatu hiyo kati ya Garissa na Nairobi, kama kilomita 370 kupitia Mwingi na Thika. Safari ilianza kwa foleni ya daraja la Tana, abiria wakishuka kuonyesha vitambulisho, na baba akizima injini ili asimalize petroli na joto lile. Mimi nilizaliwa wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997, na gari hilo ndilo lililonitoa hospitalini kunileta nyumbani. Sheria za Michuki zilipokuja mwaka 2004, na mikanda na vidhibiti mwendo, baba alipiga hesabu, akaona gari na yeye wote wamezeeka. Akaliegesha. Akawa analiwasha kila Ijumaa baada ya swala, basi, hadi alipoanza kuugua.

Kwa hiyo nikisema gari la familia, sisemi gari lililotubeba. Sisi hatukulipanda sana. Viti vilikuwa vya abiria. Nasema gari lililotulisha. Karo ya kaka, karo yangu, tarakilishi yangu ya kwanza iliyotumika (ilikuwa nzito kuliko mimi), vyote vilitoka kwenye safu zile tatu.

MTAALAMU ANAFUNGUA BONETI

Nilipita Kirinyaga Road, Nairobi, nikanunua plagi nne mpya na waya zake. Nikasoma kila nilichokipata kwenye mtandao. Nikafika Garissa nimejaa elimu.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Nilimwaga petroli ya zamani iliyonuka kama rangi, nikasafisha tangi, nikafungua kabureta na kuiosha, nikapiga msasa pale umeme unapokatwa ndani ya distribyuta, nikaazima betri ya bajaji ya jirani, ikakataa, nikaazima ya lori. Kisha nikatoa waya zote za zamani za plagi, zilizokuwa zimeliwa na panya, nikaweka mpya. Mpangilio wa kuwaka nilikuwa nao kwenye simu: 1, 3, 4, 2. Silinda ya kwanza mbele, karibu na rejeta, ya nne nyuma. Kila mtu anajua hivyo.

Nikapiga stata. Injini ikazunguka. Ikakohoa. Moto ukatoka kwenye mdomo wa kabureta, nikaruka nyuma, watoto wa kaka wakapiga makofi.

Nikajaribu tena. Kikohozi. Nikabadilisha plagi. Kikohozi. Nikarekebisha distribyuta kidogo kulia, kidogo kushoto. Kikohozi na moshi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu kaka akaja, akatazama, hakusema neno, akarudi ndani. Nilijua anampigia nani simu.

Mama ndiye aliyeniokoa. "Na yule fundi wa baba yako? Yuko hai. Mwiteni."

Fundi alikuja alasiri na mjukuu wake, kijana wa kidato cha nne aliyembebea kijisanduku cha spana. Macho yake hayaoni vizuri tena. Alisalimia, akaiombea dua roho ya baba, akakalia ndoo iliyopinduliwa.

"Washa, nisikie."

Nikawasha. Ikakohoa.

"Zima." Akanyamaza kidogo. "Waya umezitoa wewe?"

"Ndiyo, adeer. Nimeweka mpya. Mpangilio ni sahihi, nimeuhakikisha."

"Sikukuuliza mpangilio. Umeanza kuhesabu wapi?"

Sikuelewa. Nikamwonyesha: moja hii hapa, mbele. Mzee akacheka hadi akakohoa kama lile gari.

"Hiyo ni Toyota, mwanangu. Pijo moja yake iko nyuma, upande wa gia. Mfaransa anaanzia nyuma."

Wasomaji wangu wa programu, naona mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo. Ni ile ile! Kuna lugha zinazohesabu kuanzia moja na kuna zinazohesabu kuanzia sifuri, na sote tumewahi kulia usiku kwa sababu hiyo. Mpangilio wangu ulikuwa sahihi kabisa, mwanzo wake ndio uliokuwa umegeuzwa. Cheche ilikuwa inafika kwenye silinda mzunguko mzima nje ya wakati wake, valvu zikiwa wazi, ndiyo maana moto ulitafuta njia ya kutokea juu.

Mjukuu alihamisha waya nne. Hazikupita dakika mbili. Nikapiga stata. Pijo ya baba ikanguruma, ikatetemeka, ikatoa wingu la moshi mweusi juu ya mwarobaini, ikatulia. Mlio ule ule wa Ijumaa. Kaka alitoka mbio, kanzu mkononi. Mama alisimama mlangoni na hakusogea.

KWA NINI ILIWAKA

Tulikaa na fundi hadi magharibi, nami nikawa namuuliza maswali kama mtoto. Nawapeni machache.

La kwanza, mabomba ya silinda. Kwenye injini nyingi, silinda ikilika lazima bloku nzima iende kuchongwa kwenye mashine. Zamani hizo mashine zilikuwa Nairobi. Injini ya 504, kama ya 404 na 403 kabla yake, ina mabomba yanayochomoka, yaliyozungukwa na maji moja kwa moja. Unayavuta, unaweka seti mpya ya mabomba manne na pistoni zake na mipira ya kuzuia maji, unafunga. Fundi alisema alifanya hivyo kwa gari la baba mara mbili, chini ya mti, juu ya turubai.

La pili, feni. Gari hizi zina feni ya kujitenga: maji yakipoa feni inaachiliwa, yakipata moto sumaku ya umeme inaishika. Inaokoa petroli. Ni werevu mkubwa kwa baridi ya Ufaransa. Kwa Garissa, ambako joto linapita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa, sumaku ile ikifa njiani umekwisha. Fundi akanionyesha boliti: alikuwa ameifunga feni izunguke daima. Muundo wenyewe unakubali kufungwa hivyo.

La tatu, injini ya 504 ilikuzwa kutoka ile ya 404, nayo imelala upande ule ule kwa nyuzi 45. Fundi aliyeijua ya mwaka 1960 hakuanza upya mwaka 1968. Alichukua alichojua akaongeza kidogo. Sisi watengenezaji wa programu tunaziita hizo tabia njema, halafu tunazikiuka kila toleo.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi ya kale yote ni dhahabu. Gari hilo halikuwa na mifuko ya hewa, lilikunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani, na abiria tisa kwenye gari la namna ile ni ajali inayosubiri siku. Magari ya leo yenye kompyuta ni salama zaidi, tena yanafungulika kwa anayejua: mjukuu wa fundi ana kifaa kidogo anachochomeka kwenye Probox na kusoma makosa kwenye simu. Kompyuta siyo adui.

Jambo ni hili. Watu waliochora injini ile hawakumjua fundi wetu. Hawakuwahi kusikia Garissa. Lakini walipochora, walikubali kwamba siku moja mtu wasiyemjua, mbali na kiwanda, atalazimika kuifungua bila wao.

SASA ZAMU YANGU YA AIBU

Usiku ule sikulala. Swali la mzee lilikuwa linanizunguka: umeanza kuhesabu wapi?

Miaka mitatu iliyopita nilimtengenezea mama mmoja wa Garissa programu ya duka lake la dawa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, na nilijivunia. Unaingiza jina la dawa, idadi, mwezi na mwaka wa kuisha, nayo inakuonya siku zikikaribia. Nikalipwa, nikahamia Nairobi. Baada ya miezi kadhaa mama yule akanipigia: "Mwanangu, tarehe zako zinanidanganya." Nikamwambia aangalie anavyoingiza. Akapiga tena. Nilikuwa kazini. Akapiga mara ya tatu, sikupokea. Baadaye nikasikia amerudi kwenye daftari, nikasema moyoni, ah, watu wetu hawapendi teknolojia.

Saa saba usiku nilifungua msimbo ule kwenye tarakilishi yangu. Nilichelewa hata kuusoma, kwa sababu sikuwa nimeandika popote nini kinafanya nini. Kisha nikauona.

Niliuandika kwa JavaScript. Wanaoijua wanajua: siku zinahesabiwa kuanzia moja, lakini miezi inahesabiwa kuanzia sifuri. Januari ni 0. Juni ni 5. Mimi nilichukua namba aliyoandika mama yule, 6, nikaipitisha vile vile. Programu ikaelewa Julai. Kila dawa dukani mle ilipewa mwezi mmoja zaidi wa uhai ambao haikuwa nao.

Mwezi mmoja, jamani. Wa dawa. Kwa miezi yote ile programu yangu ilikuwa inamwambia mtu kwamba dawa iliyokwisha bado ni nzima. Kilichowaokoa wateja ni kwamba mama yule hakuiamini tarakilishi kuliko macho yake: alisoma maboksi. Na alipogundua, hakuwa na fundi wa kumwita. Fundi nilikuwa mimi, na sikupokea simu. Hata angempata mwingine, angefungua nini? Sikumwachia msimbo, sikumwachia karatasi, sikumwachia hata neno la siri.

Gari lililotengenezwa kabla sijazaliwa, lililolala miaka chini ya mti, liliamshwa kwa dakika mbili na kijana ambaye hajawahi kuliendesha. Programu yangu ya miaka mitatu ilikuwa maiti isiyozikwa.

Asubuhi nilikwenda dukani. Sikujua nianze vipi, kwa hiyo nikaanza kwa kusema kweli: "Hukukosea wewe. Nilikosea mimi, na sikukusikiliza." Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua. Ila nilitaka uje uniambie." Hakunikaripia. Hilo lilikuwa zito zaidi.

Nilirekebisha mstari mmoja. Mmoja! Halafu nikakaa siku mbili nzima nikiandika kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, kila sehemu inafanya nini na ikiharibika uanzie wapi. Nikachapisha, nikamkabidhi pamoja na msimbo na maneno yote ya siri. Mjukuu wa fundi, ambaye anasoma somo la kompyuta shuleni, nikamweka kando yangu, nikamwambia afungue yeye, mimi nisiguse. Mama wa duka amesema ataendelea na daftari sambamba kwa muda, hadi aione imenyooka. Ni haki yake. Nami ningefanya vivyo hivyo.

NA PIJO?

Mama ndiye aliyeamua. Tulipokaa baada ya Idd, kaka akisema tuiuze, mimi nikisema tuitunze kama kumbukumbu, alituacha tumalize, kisha akasema: "Baba yenu hakununua kumbukumbu. Alinunua gari la kazi. Lipewe mwenye kazi nalo."

Fundi alimjua mtu mwenye pikapu ya 504 anayebeba matikiti na maembe kutoka mashamba ya kando ya Tana, injini yake imechoka. Akaja, akasikiliza, akalipa zaidi ya bei ya kilo. Siku ya kuondoka, nilimwomba fundi jambo moja. Nikampa kopo la rangi nyeupe na brashi ya watoto. Aliinama, mjukuu akamwongoza mkono, akaandika kwenye injini, nyuma kabisa, upande wa gia: 1.

"Mtu akija asiyejua," akasema, "asihangaike siku tatu."

Mwenye pikapu aliingia, akawasha mara moja, akatoka uani polepole. Mama alifunga geti. Chini ya mwarobaini pamebaki doa la oili, na watoto wamepata uwanja wa mpira.

Nami nimerudi Nairobi. Kabla ya sehemu ya pili ya hifadhidata, nina simu nne za wateja wa zamani za kupiga. Msinichoke, nitawajulisha.